Shemeji Anataka Ninunue Bastola Itakayokubali Risasi Zake

Admin, funika jina langu, na ninyi majirani wa mtaa wetu wa La Rochelle mkinitambua, nyamazeni. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Nina karatasi za ukaazi wa kudumu na kazi yangu ni ulinzi wa kubeba silaha kwenye ghala moja hapa Joburg. Siombi huruma ya mtu. Nina hasira. Na wale wa "mwanamke na bunduki wapi na wapi," piteni mbali. Hiyo bunduki ndiyo inayolisha nyumba yangu.

Bastola ya kazini inatumia risasi za milimita tisa, na mwaka huu zimeadimika vibaya. Ukienda dukani unaambiwa zimekwisha, rudi wiki ijayo. Ukirudi, wameshapewa wateja wao wa zamani. Kampuni inatoa za kazi tu, za mazoezi ujitafutie mwenyewe. Na mtihani wa shabaha ulikuwa unakaribia. Safari iliyopita nilipona kwa bahati, msimamizi akaniambia bila aibu, "Mama, ukikosa tena utasimama getini na rungu."

Mzee mmoja mzungu anayefundisha kwenye uwanja wa shabaha, mkali lakini mkweli, akanishauri nitafute bastola ya pili ya kufanyia mazoezi, ile ya risasi ndogo za ishirini na mbili. Hizo bado zinapatikana, na jicho na kidole vinajifunza yale yale. Zile chache za milimita tisa nizitunze kwa siku za mwisho.

Nilifurahi, nikamweleza mume wangu mezani. Kaka yake mkubwa, ambaye ana karakana ya kushona nguo kule Jeppestown, alikuwepo tunakula naye.

"Ishirini na mbili?" Shemeji akacheka mpaka wali ukamtoka mdomoni. "Hiyo ni ya kuulia njiwa! Haipigi teke, siku ukishika ya kazini mkono utaruka. Nunua rivolva ya thelathini na nane. Risasi zake mimi ninazo tele."

Habari ya teke hakukosea, ndiyo maana nilimsikiliza. Lakini nikamuuliza, "Unazo za nini na wewe huna bunduki?"

"Zilibaki nilipoiuza. Na sefu ninayo. Kwenu kuna watoto, itakaa kwangu, utaichukua siku ya mazoezi."

Mume wangu akadakia, "Msikilize yaya," ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "alikuwa mlinzi miaka mingi kabla yako."

Nikakaribia kukubali, jamani. Mungu tu.

Jumamosi nilikwenda Joubert Park kusukwa kwa Mama Furaha, mke wa huyo shemeji. Walishaachana, anaishi na wanawake wenzake kwenye fleti na kusuka ndiyo kazi yake. Nikamsimulia habari ya rivolva kama porojo tu. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

"Amekwambia ya kwake iko wapi?"

"Aliiuza alipoacha ulinzi."

"Aliiuza! Polisi waliichukua. Aliniwekea hapa," akagusa shavu, "mbele ya mwanangu Furaha. Korti ikamkataza kushika silaha. Risasi alishazificha kwenye magunia ya vitambaa, hawakuziona. Dada, ukinunua hiyo kitu kwa jina lako, wa kwanza kupigwa ni mimi. Na wewe utaenda kunisimulia kwa majaji."

Niliondoka na kichwa kimesukwa upande mmoja. Nyumbani nikamuuliza mume wangu, "Ulijua?" Hakuondoa macho kwenye tivii. "Mambo ya mtu na mke wake. Wewe yanakuhusu nini?" Kumbe alijua! Alijua, na alitaka leseni itoke kwa jina la mama wa watoto wake.

Nikachagua ishirini na mbili. Sikuinunua hata, yule mzee alinikodishia ya kwake pale pale uwanjani, nikawa naenda kila siku ya mapumziko. Mtihani nilipita.

Nyumbani ndiko moto uliwaka. Shemeji aliposikia nimeikataa rivolva yake, alikuja kupiga geti mateke majirani wakitazama. "Umenifanya mbwa mbele ya mdogo wangu! Unajifunza kulenga ili umuue!" Uongo huo akaupeleka mpaka kanisani. Mume wangu akafunga begi, akahamia kwa kaka yake. Wazee wetu wakakaa, wakaamua niombe radhi kwa magoti na niache kazi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza risasi ziko wapi. Na mume wangu akanipigia simu: "Ukimpeleka yaya polisi, sahau kwamba uliwahi kuolewa."

Hilo la kuolewa wala halinitishi tena. Linalonitesa ni hili: wiki hii mlinzi mwenzangu, Mtanzania mpole, ameniambia shemeji amemfuata, anamsifia rivolva ya thelathini na nane kwa mazoezi, eti risasi anazo na sefu anayo. Nimemwonya, amekataa. Lakini wenye leseni ni wengi, na risasi zikiendelea kukosekana, mmoja atakubali.

Nilimwambia Mama Furaha nataka kwenda polisi. Alinishika mikono akalia. "Atajua ni mimi niliyesema. Na anajua ninaposukia." Hana pa kuhamia, na kwangu ndiko atakakomtafuta kwanza.

Mnaojua sheria za nchi hii, semeni. Mliowahi kumkimbia mtu wa namna hii, semeni. Nianzie polisi, au nianzie kumficha yeye? Anayetaka kuniambia nivumilie, asiandike chochote. Nionyesheni njia ambayo yule mama atabaki hai.