Usitie Maji kwa Mkono

Mimi nina mdomo, sikatai. Hotelini Diani, ninakofanya kazi ya ufundi wa umeme, wapishi wakisikia naja kutazama friji zao huanza kupangusa meza mbiombio. Ya kazini hayanisumbui. Yanayonisumbua ni ya nyumbani, na ni ya juzi juzi tu.

Mama yetu anakaa Msambweni. Bibi alimwachia mwasumini mkubwa kando ya ukuta, na maua yake ndiyo yaliyotungwa vikuba vya maharusi wa mtaa mzima, mimi na dada yangu tukiwemo. Mchwa wakauingia. Mama akawahi kukata vipandikizi kabla haujafa, akavipanda kwenye makopo ya maziwa, akaapa kwamba binti wa dada yangu akiolewa atavaa asumini ya bibi na si ya kununua. Tabu ilikuwa kiuno chake. Kila akiinama na maji, kuinuka ni kazi. Nikasema wacha nimtengenezee mashine ndogo: kijiti kichomekwe kwenye udongo kipime unyevu, na udongo ukikauka pampu ivute maji kutoka kwenye tangi.

Ugomvi ulianzia kwenye lugha ya kompyuta ya kuiandikia maagizo. Bodi niliyonunua, kile kibao cha umeme kinachoiongoza mashine, inakubali C, inakubali na Python. Dada yangu ni mwalimu wa hesabu huko Kwale mjini. Python alijifunza kwenye mafunzo ya walimu, na kila Jumapili yeye ndiye anayekwenda kwa mama. Tulikuwa jikoni kwake, anakuna nazi.

"Andika kwa Python," akaniambia. "Maandishi yatakaa humo humo kwenye bodi. Nikichomeka kompyuta yangu nitayasoma, na kukiwa na la kubadilisha nitabadilisha."

"Ubadilishe nini wewe? Hiyo ni lugha ya kufundishia watoto. Inajaza kumbukumbu bure, na mwendo wake wa kobe."

"Kwani asumini zina haraka ya kwenda wapi?"

Nikacheka, maana alinipata. Kumwagilia makopo hakutaki mbio. C ni lugha nzuri, tena nzuri hasa, lakini ukishaiandika, kompyuta huigeuza kwanza iwe namba za mashine, na hizo namba ndizo zinazotiwa ndani ya bodi. Anayekuja baadaye haoni neno la kusoma, anaona kitaa kinawaka tu. Maandishi yenyewe hubaki kwa aliyeandika. Hilo nililijua, na Mungu anisamehe, hilo ndilo lililonipendeza. Dada ndiye anayempeleka mama hospitali, ndiye anayejua dawa zake, ndiye anayeitwa kwanza. Nilitaka pale nyumbani kuwe na kitu kimoja ambacho kikiharibika watasema, mwiteni mdogo. Nikaandika kwa C.

Mashine ikafanya kazi vizuri. Mama alikuwa akiita majirani waje kusikia pampu inavyokoroma. Halafu siku moja nimekwenda kumwona, nikamkuta amemimina maji kwenye kopo moja, jirani yake amesimama naye.

"Naona hiki kimelegea," mama akasema.

"Mama! Usitie maji kwa mkono, hata tone! Unaichanganya mashine. Yenyewe inajua!"

Nilimfokea hivyo, mbele ya mgeni wake. Akaweka kata chini taratibu. "Haya mwanangu. Sitagusa tena."

Kaskazi ikakolea, mvua hakuna, na maji ya kisima chetu, yanayojazwa kwenye tangi, yakaanza kuingia chumvi, kama ilivyo kila mwaka. Sasa, kile kijiti hupima unyevu kwa kupitisha umeme kwenye udongo, na chumvi huupitisha umeme upesi. Udongo ulipojaa chumvi, kijiti kikawa kinasema umelowa na huku unazidi kukauka. Fundi mzima, mzaliwa wa pale, chai ya chumvi ya miezi hiyo nimeinywa tangu utotoni, na halikunijia kichwani!

Dada akanipigia simu Jumapili, yuko kwa mama. "Udongo mkavu, na mashine yako inadai umelowa. Ni kile kiwango cha kuwashia pampu, sivyo? Niambie kiko wapi nikibadilishe."

"Kiko kwenye kompyuta yangu."

"Nitumie basi."

"Utafanyia nini, na huna vyombo vya kukigeuza? Usiguse. Nakuja Ijumaa."

"Kwa sasa nivitie maji angaa kidogo?"

"Ala! Ukitia maji, nikija nitapima nini? Mwambie na mama asiguse. Siku chache haziviui."

Ijumaa ile chumba cha baridi cha hoteli kikafa na samaki wa wageni ndani. Nikashinda humo, nikalala humo, na kesho yake likazuka jingine. Simu ninayo mfukoni. Ilikuwa ni kusema tu, mama, tia maji. Wallahi nilisahau.

Nilifika Ijumaa ya pili. Mama alikuwa barazani, amekaa kando ya makopo yake. Vipandikizi vimekuwa njiti, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe wa chumvi. Karibu na miguu yake kulikuwa na ndoo imefunikwa sinia, na kata juu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jirani alinipa maji matamu. Nikayaweka, nikasema ukija ukiniruhusu nitavitia." Akatazama bodi, kitaa chake kinawaka vizuri tu. "Haikulia. Nikasema labda inajua jambo nisilolijua mimi." Kisha akashusha sauti. "Au niliiharibu siku ile nilipomwaga maji?"

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Nilimwambia ni mimi, mama, si wewe, ni mimi na kiburi changu. Akanipapasa kichwa, akasema basi, usilie, asumini zinauzwa. Nikamimina ndoo yote kwenye yale makopo. Hakuna hata kimoja kilichochipua.

Nimeiandika upya mashine kwa Python. Dada alikibadilisha kiwango jikoni kwake, katikati ya kupika wali, na wala hakunisimanga, heri angenisimanga. Sasa inamwagilia pilipili za mama, na chumvi ikiingia tena kisimani dada atakibadilisha kiwango, isidanganyike. Harusi ya binti wa dada imepita. Maua tuliagiza Mombasa, mama akayatunga mwenyewe, akasema yananukia.

Jana asubuhi alinipigia simu niko kazini. Ana mrehani mlangoni kwake, kwenye sufuria iliyotoboka. Hauna kijiti, hauna waya, mashine iko upande wa pili wa nyumba. Tukasalimiana, akaniuliza habari za kazi.

"Mwanangu," akasema, "huu mrehani umelegea. Naweza kuutia maji?"