Friza ya Champaklal

Kabla Kariakoo haijajaa maghorofa, jirani na Mtaa wa Sikukuu palikuwa na duka la Champaklal, lenye bati kuukuu na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya wateja. Duka lilikuwa na sifa moja ambayo hata washindani wake hawakuthubutu kuikana: mwenyewe hakuwa mwongo. Ukimuuliza, "Huu mchele mzuri?" angechota kidogo kiganjani, angeupuliza, angeunusa, halafu angekwambia bila haya, "Huu usichukue. Ngoja wa Kyela, unaingia Alhamisi." Watu walitoka Ilala kwa miguu, wakapita maduka chungu nzima njiani, waje kusikia neno hilo tu. Na siku akisema mzuri, hapakuwa na haja ya mtu kunusa tena. Ulifungua kikapu ukapimiwa.

Pembeni yake, kwenye stuli fupi karibu na magunia, aliketi mkewe, Urmila, na mizani. Kila asubuhi, kabla hakijauzwa hata kiberiti, Urmila aliwasha taa ndogo ya samli mbele ya picha ya mungu wao Lakshmi iliyotundikwa juu ya rafu ya sabuni, akachomeka kijiti cha udi. Wateja wa mapema walimsubiri amalize. Waislamu walisubiri, Wakristo walisubiri, na wapagazi wa magunia, ambao hawajui kusubiri kitu chochote duniani, nao walisubiri huku wakiguna.

Kilichomsumbua Champaklal kilianza miaka ya foleni, bidhaa zilipoadimika. Rafu zilibaki na viberiti na dawa ya viatu, na kutwa nzima kazi yake ikawa kusema "hamna". Sukari? Hamna. Sabuni? Hamna. Mafuta? Hamna, mama, jaribu kesho. Wengine walilizoea neno hilo, wakalitamka huku wanachokonoa meno. Champaklal hakulizoea. Alimtazama mtu aliyetembea juani kuja kwake, akamwambia hamna, na moyo ukamuuma kana kwamba amemfukuza mgeni nyumbani. Akajiapia kwamba neema ikirudi, atafungua duka ambalo neno hilo halitatamkwa.

Basi ikaja miaka ya ruksa. Bidhaa zikamiminika, na Kariakoo ikaanza kubomolewa. Nyumba za udongo zenye vibaraza ziliangushwa moja baada ya nyingine, nguzo za zege zikaota. Kona ya Champaklal ilinunuliwa na Marcelino, Mchaga wa Kibosho aliyekuja mjini kuuza vitumbua na sasa alikuwa akiuza mabati kwa jumla. Wengi walidhani Champaklal atatupiwa virago. Kumbe Marcelino alimpenda, na alimwita akamwonyesha ramani ya ghorofa tano.

"Mzee, chini hapa ni pako," alisema Marcelino. "Lakini sitaki duka la kaunta tena. Nataka supamaketi. Mtu aingie na kikapu, achukue mwenyewe, kila kitu humo humo. Mchele, maziwa, mboga, samaki, nyama. Bongo inabadilika."

"Nyama pia?"

"Supamaketi bila nyama si supamaketi, mzee. Ni duka la Mhindi tu, limepakwa rangi." Wote wawili wakacheka, ingawa mmoja alicheka kidogo. "Mabucha unayajua?"

"Miaka thelathini nauza," alijibu Champaklal. "Kipi nisichokijua?"

Hilo lilikuwa jibu la kijinga, na nalisema wazi kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote. Champaklal hakuwahi kula nyama tangu azaliwe, wala baba yake, wala babu yake aliyetoka Gujarat. Akipita buchani alibana pumzi mpaka avuke kona. Lakini alikuwa ameiona ramani. Alikuwa ameona rafu zisizo na pengo hata moja, na mtu akiona ndoto yake imechorwa kwenye karatasi, busara humtoka.

Urmila alimsikiliza jioni ile bila kumkatiza. Walikuwa wakikaa upande wa pili wa Mnazi Mmoja, ghorofa ya pili, na watoto wote, Dhruv na dada zake, walikwisha kwenda ng'ambo.

"Nyama ya ng'ombe," alisema Urmila.

"Atakayeishika si mimi. Kuna kijana, Tarsis, alikuwa na bucha. Yeye atakata, atafunga, ataweka kwenye friza."

"Ikiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka na taa yangu kwa mlango wa nyuma. Hilo la dini, usibishane nami. Lakini lipo na lingine." Akamtazama. "Watu wanakuja kwako kwa sababu unawaambia kizuri na kibaya. Hii nyama utawaambia nini?"

"Atawaambia Tarsis."

"Hawatamuuliza Tarsis. Watakuuliza wewe."

Champaklal alimwona mkewe mkaidi. Alidhani ni hasira za siku mbili tatu, zitaisha akiona vigae vyeupe na feni za dari. Haikuwa hivyo. Ghorofa lilipokwisha, Champaklal aliihamishia ile picha ya Lakshmi ukutani mwa duka jipya. Siku ya ufunguzi Urmila alikuja asubuhi, akaitungua picha yake, akaifunga kwenye kitambaa pamoja na taa, akaondoka. Stuli ikabaki karibu na gunia la mchele ambalo Champaklal aliliacha wazi kwa ajili ya wateja wa zamani, wale ambao hawakuupenda mchele uliofungwa kwenye nailoni.

Duka lenyewe, ukweli usemwe, lilipendeza. Watu walikuja kutembea tu, wakashikashika makopo na kuyarudisha. Akina mama waligoma kuacha vikapu mlangoni, wakauliza kama wameonekana wezi, kisha wakaviacha. Friza ilikaa mwisho kabisa, ndefu, nyeupe, na nyama ndani yake ilipangwa kwenye trei, imevikwa nailoni hata huwezi kuibonyeza. Wengi waliichungulia, wakaenda zao buchani walikozoea. Champaklal alipita jirani nayo akiwa amebana pumzi. Na kila siku kulikuwa na mtu wa kuuliza, "Mama Dhruv yuko wapi, anaumwa?" Naye akajibu, "Amepumzika." Alikuwa na duka lililojaa, na alikuwa mpweke kupita miaka ile ya rafu tupu.

Desemba ikafika, na kila anayeijua Dar anajua kitakachofuata: Wachaga wakaenda kwao. Marcelino alipakia familia yake kwenye gari, Tarsis naye akakata tiketi ya basi. Kabla ya kuondoka alimpeleka mzee kwenye friza.

"Nyama ya Krismasi ndiyo hii, mzee, inatosha. Sasa na huu mgao wa umeme, jenereta ya bosi bado imekwama bandarini. Umeme ukikata sana, usiiamini. Fungua trei moja, nusa tu. Utajua."

Hapo ndipo Champaklal angesema. Maneno yalikuwa mepesi: mwanangu, kwangu mimi nyama yote inanuka. Kwangu hakuna nzuri na mbaya, sijui tofauti. Tarsis asingemcheka. Pengine angeahirisha safari, au angemwachia jirani mwenye bucha kazi hiyo. Lakini mzee aliyekaa kaunta miaka thelathini aliona haya.

"Nitajua," alisema.

Umeme ulikata siku mbili kabla ya Krismasi, asubuhi, na ukarudi kesho yake alfajiri. Friza ikaguruma tena. Hadi saa nne asubuhi nyama ilikuwa imeshikana, ngumu, ina ukungu mweupe wa barafu juu, huwezi kudhani lolote lilitokea. Champaklal alifungua trei moja kama alivyoagizwa. Akasogeza pua. Ilinuka, naam. Ilinuka vibaya mpaka akageuza uso. Lakini ilinuka vibaya na jana, na juzi, na siku ilipoletwa. Alisimama pale amefumba macho, akijaribu kukumbuka kinyaa cha wiki iliyopita akipime na kinyaa cha leo. Nje mtaani kulikuwa na watu mia ambao wangemjibu kwa kunusa mara moja tu. Hakumwita hata mmoja. Alifunga trei.

Mchana akaingia Euphrasia, mshonaji wa Ilala, mama yake Eliasi, Mpogoro wa Mahenge aliyekuwa mteja wake tangu enzi za kaunta. Miaka ya foleni Champaklal alikuwa akimkatia nusu mche wa sabuni chini kwa chini, na hilo mama hakulisahau. Alichukua mchele, vitunguu, na viungo vya pilau, kisha akasimama mbele ya friza.

"Baba Dhruv, nilikuwa naenda buchani, lakini foleni ya huko usiseme. Hii nyama yako nzuri?"

Champaklal alifurahi, jamani. Mteja wake wa zamani, wa kwanza, amesimama mbele ya ile friza na kumuuliza yeye. Neno lilimtoka lenyewe, kama lilivyomtoka maelfu ya mara.

"Nzuri, Mama Eliasi. Chukua."

Naye hakuigeuza wala hakuinusa. Aliitia kwenye kikapu.

Siku moja baada ya Krismasi, Eliasi alikuja dukani. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na macho yake yalionyesha hakulala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Eliasi. Habari za sikukuu?"

"Si nzuri. Tumeharisha nyumba nzima. Sisi tumepata nafuu, lakini mwanangu Clotilda yuko hospitali, katundikiwa dripu." Akapangusa uso. "Mama kasema nije nikwambie usiuze nyama iliyobaki, isije ikakuharibia jina. Kasema pengine hujui."

Champaklal angetukanwa angevumilia; alistahili. Hili la kutunzwa jina lake na mtu aliyemlisha uozo lilimvunja kabisa. Alifunga duka mchana kweupe, akavuka Mnazi Mmoja karibu mbio, akamweleza mkewe yote.

"Ulinusa?" aliuliza Urmila.

"Nilinusa."

"Ukajuaje?"

Urmila hakumwambia nilikwambia, na mwanamke mwingine angemwambia. Alipika uji laini wa mchele na dengu, akautia kwenye chupa ya chai, wakaenda wote hospitali.

Clotilda, mtoto wa miaka sita, alikuwa amelala, midomo imekauka. Bibi yake alikaa ukingoni mwa kitanda akimpepea kwa kanga. Champaklal alisimama miguuni, akaomba radhi kwa maneno yaliyokatikakatika. Euphrasia alimsikiliza.

"Harufu niliisikia nilipokuwa naichemsha," alisema taratibu. "Eliasi akasema, mama, tumwage. Nikamkatalia. Nikamwambia, Baba Dhruv mwenyewe kaniambia nzuri, na yeye hajawahi kunidanganya."

"Sikukudanganya, Mama Eliasi. Nakuapia. Mimi nyama siijui. Yote kwangu inanuka."

Euphrasia aliacha kupepea.

"Sasa si ungesema tu hujui?"

Hakupaza sauti. Urmila aliangalia chini, na Champaklal akaona hata mkewe leo hana la kumtetea.

Mtoto alipona; siku ya tatu alikuwa anadai biskuti. Nyama yote ilifukiwa. Marcelino aliporudi kutoka Kibosho alifoka, akasema duka lisilo na nyama litamtia hasara, kisha akaiangalia sura ya mzee, na friza akaihamishia kwa mpangaji mwingine mtaa wa nyuma. Palipokuwa na friza pakabaki pengo jeupe sakafuni. Watu wakiuliza nyama, Champaklal aliwajibu, "Hamna," na ajabu ni kwamba halikumuuma tena. Lilikuwa neno dogo tu, la kweli.

Urmila alirudi Januari. Aliitundika picha yake, akawasha taa, akaketi kwenye stuli na mizani yake kando ya gunia la mchele. Champaklal aliona dunia imekaribia kukaa sawa. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, Mama Eliasi hajaonekana, na kila kivuli kilichogusa mlango kilimfanya ainue kichwa.

Akaja mwishoni mwa mwezi, asubuhi, udi bado unafuka. Alisalimia vizuri. Alimwuliza Urmila hali ya miguu yake, akasema Clotilda ameanza shule. Hakuna aliyetaja Krismasi. Kisha akalisogelea gunia la mchele, na Champaklal, kwa mazoea, akafungua mdomo kusema mzuri, wa Kyela, umeingia jana.

Euphrasia hakumuuliza. Aliingiza mkono guniani, akachota mchele kiganjani, akaupuliza. Akausogeza puani, akaunusa, akarudia kuunusa.

"Nipimie kilo mbili, Mama Dhruv," alisema.

Urmila akashika mizani. Champaklal akafunga mdomo.