Siku Senje Alikataa Kuonja Bia

Mimi sikwenda Nanyuki kuangalia mlima. Nilienda kutafuta kazi kwa kiwanda kidogo cha bia, kile kinapikia nyuma na kuuza kwa baa yao hapo mbele, watalii wakishuka mlimani wanapitia. Mpishi wa bia alikuwa ameniambia kwa simu, "Kuja tuonane, halafu tuone kama unaweza kuanza."

Mathe, mama yangu, alikataa. Huku kwetu Jericho, Nairobi, tumezika vijana wengi juu ya pombe, na kwa kanisa yake bia na ile sumu ya chupa za plastiki ni kitu moja. Tulibishana mpaka akachoka, akasema basi senje aende aone. Senje ni dada mkubwa wa baba, anaishi Kayole, Mkatoliki, na akisema hapana kwa familia yetu hakuna mtu hurudia kuuliza. Asipopenda hiyo mahali, narudi naye jioni na hiyo maneno imeisha. Na mathe akaongeza: "Wewe uangalie tu. Usionje."

Nilikuwa nimechoka kungoja watu waniamulie. Tangu nimalize fomu foo napika tangawizi ya kuchachuka kwa jerikeni chini ya kitanda. Moja ililipuka ikalowesha nguo za kanisa za mathe, bado nikapika ingine. Majirani wananunua. Najua ni hii kazi nataka.

Kwa geti waliniomba kitambulisho. Senje akatoa yake pia, akamwekea askari karibu na pua. "Angalia vizuri, usije ukasema mimi ni mtoto."

Mpishi alikuwa jamaa mrefu wa ndevu, amevaa gambuti. Alitupeleka nyuma kwa matanki. Kulikuwa na joto na harufu kama ya uji. Senje hakungoja kuonyeshwa, aliingiza mkono kwa gunia akatafuna mbegu.

"Hii ni kimea."

"Ndio, mathe. Ya shayiri."

"Sisi tulikuwa tunatumia ya wimbi."

Nilijua nyanya alikuwa akipika busaa, ile pombe yetu ya kienyeji, ya harusi na matanga. Sikujua senje alikuwa akimsaidia. Nikaanza kuona hii kitu itawezekana.

Tukarudi mbele, tukakaa kwa kaunta. Mpishi akaleta ubao uko na glasi nne ndogo, kila moja na rangi yake. Akachukua yake ya kwanza, akainusa, akaizungusha mdomoni, akageuka akaitema kwa sinki.

Senje akaweka glasi yake chini.

"Umetema."

"Ndio, mathe. Mimi huonja tu."

"Mwenye pombe hamezi pombe yake. Mimi nimeze ya nini?"

Jamaa akacheka, akidhani ni mzaha. Senje akavuta kibeti chake, akasimama.

Kwetu, aliyepika ndiye anakunywa kwanza. Anameza mbele ya wageni na wote wanaona koo ikishuka, ndio wajue hakuna kitu ameweka ndani. Kabla ya hapo mgeni hagusi mrija wa kunywea. Senje hakuwa anaringa. Kwake yeye, huyo mtu alikuwa amefanya kile mtu wa nia mbaya hufanya, na mimi nilikuwa nataka kuachwa kwake nifanye kazi. Nikamwelezea mpishi haraka haraka.

Akashika ndevu. "Pole sana, mathe. Ni vile niko na vidonda vya tumbo. Daktari amenikataza kumeza."

"Vidonda vya tumbo," senje akasema, "na wewe ndio mpishi."

"Ndio mimi."

"Basi hii bia haina mwenyewe. Twende, mama."

Mama hapo ni mimi, ndivyo huniita. Alikuwa ameanza kuenda kwa mlango.

"Senje, iko na mwenyewe," nikasema. "Ni mimi napika hapa."

"Hujaanza."

"Nimeanza."

Nikachukua glasi yake, nikamfuata mlangoni. Nilimkumbuka mathe na ile "usionje" yake, na nikajua senje si mtu wa kumfichia mtu siri. Nikakunywa polepole, shingo juu, ndio aone vizuri. Ilikuwa chungu, halafu nyuma ya uchungu kukakuja kitu kama mkate umeungua kidogo. Nikampea iliyobaki.

Aliniangalia mpaka nikataka kukaa. Halafu akapangusa glasi na kidole, akakunywa, akarudi kwa kiti.

"Leta hiyo ya pili. Anza wewe."

Tukaenda hivyo mpaka ya nne, mimi kwanza, yeye nyuma yangu. Ya nne akaisukuma.

"Hii ni mbaya."

"Hiyo ndio wazungu hupenda, mathe," mpishi akasema.

"Basi wapatie."

Jamaa akaniangalia. "Umesema umeanza, sivyo?" Akaenda nyuma akarudi na gambuti zingine, kubwa kunishinda. "Kupika bia ni kuosha. Anza na tanki ya mwisho."

Nikavaa. Nilikuwa nimeinama na brashi ndani ya mlango wa tanki nikasikia senje akiongea na mathe kwa simu.

"Ni pasafi... Ndio, ameonja. Ni mimi nilimwambia aonje." Nikaacha kusugua. "Hapana, leo narudi peke yangu. Wewe mtumie nguo zake. Ako kazini."