Fundi Akonkwa na meza ya bucha iliyopona volkano

Mvua ya asubuhi imekatika Keshero, mtaa wa Goma. Jikoni kwa Charline, fundi Constant Akonkwa amepiga magoti, sikio lake limelala juu ya ubao. Anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasogea kidogo, anagonga tena. Ungemwona ungedhani ni daktari aliyeitwa kwa mgonjwa.

"Iko muzima," anasema, akiinuka kwa kujishika kiuno. "Muvula haifwake mbio. Ni siye bantu njo tunafwa mbele yake."

Ubao wenyewe, wa mti wa mvule ambao hapa huitwa muvula, ni mnene kama matofali mawili yaliyobebana, rangi yake imeiva kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Leo utapandishwa juu ya kabati lililosimama peke yake katikati ya chumba. Charline, karani mwenye miaka thelathini na minne, aliona jiko la namna hiyo kwenye simu, nalo halikumtoka tena moyoni. Yeye hulitaja kwa Kifaransa, ilo, yaani kisiwa. Mama yake, Kanyere, huliita altare.

"Watu wanaizunguka, hakuna mwenye anakaa," anasema Mama Kanyere, mwenyeji wa Butembo aliyezeekea Goma. "Sasa padri atakuja saa ngapi kusoma misa?"

Fundi Akonkwa anacheka mpaka kofia inamteleza. Ana miaka hamsini na tisa. Alizaliwa Walungu, upande wa Bukavu, akajifunza useremala katika karakana ya misheni, kisha akavuka ziwa kwa boti akiwa kijana mwenye sanduku moja la vifaa na shati moja la Jumapili. Goma aliyoikuta anaisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja ndugu aliyesafiri asirudi. Anasema harufu ya mbao mbichi kutoka Beni ilimfikia mtu kabla ya lori lenyewe, na ng'ombe wa Masisi walishuka barabarani wakipigiwa mluzi. Jumamosi, nyumba baada ya nyumba ilinukia mchuzi.

"Ilikuwa Goma ya mavumbi," anasema. "Lakini mavumbi yetu."

Siku hizo, mwaka 1989, ndipo alipofuatwa na Donat, mfanyabiashara wa ng'ombe, marehemu mume wa Mama Kanyere na baba yake Charline. Donat alikuwa anafungua bucha huko Birere na alitaka meza. Akonkwa hakuwa amewahi kupewa kazi kubwa kiasi hicho. Alimpima mteja wake mpaka kwenye mkanda, maana alikuwa mrefu wa kuinamia milango, akaenda kuchagua mbao tatu za muvula.

"Papa Donat aliniambia: nitengenezee meza yenye hata ng'ombe akianguka juu yake, ng'ombe njo atavunjika," anakumbuka.

Aliziunga mbao zile kwa gundi, akazibana kwa vipande vidogo vya mti alivyovichonga kama vipepeo. Meza ikasimama. Ikakatiwa nyama za harusi, za ubatizo na za matanga, miaka ikapita.

Halafu ukaja Januari wa 2002, na mlima wa volkano ukashuka mjini.

Kila mwenyeji wa Goma ana kitu alichokibeba siku ile. Wengine walibeba magodoro, wengine cherehani, wengine picha za ukutani. Donat na vijana watatu wa jirani waling'oa miguu ya meza, wakajitwika ubao vichwani kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda.

"Watu walituchekaka njiani," anasema Mama Kanyere. "Eti, mumeacha godoro munabeba meza? Donat akawajibu, ng'ombe haelemewi na nunduye. Lakini alikuwa anaelemewa, nilimuona. Jasho ilikuwa inamutoka kama mvua."

Bucha ilizikwa chini ya mawe meusi, na pamoja nayo nyumba nyingi zilizokuwa na milango, vitanda na makabati ya fundi Akonkwa. Anapopita mitaa ile leo, anasema, anajua anatembea juu ya kazi za mikono yake. Hilo linamuuma, na halifichi.

"Ujana yangu yote iko chini ya mawe," anasema. "Siwezi hata kuonyesha watoto yangu: ona, hii ni baba yenu."

Basi mtu afikirie moyo ulivyomruka pale chukudu, ile skuta ya mbao ya wachukuzi wa Goma, iliposimama mbele ya karakana yake na ubao umefungwa kwa kamba. Baada ya volkano Donat alikuwa ameufungulia bucha nyingine, akafariki mwaka 2011, na tangu bucha ilipofungwa ubao ulikuwa umelala chini ya turubai nyuma ya nyumba. Charline alikuwa ameulizia mbao mpya, akakuta bei imepanda maradufu na barabara hazieleweki. Ndipo akakumbuka turubai. Alimchagua Akonkwa kwa kuwa alisifiwa kanisani, bila kujua anamrudishia mtu kitu chake.

"Niliona kipepeo moja imepinda," fundi anasema. "Nilikuwaka na haraka ile siku, nikaikata mubaya. Nikasema, huyu ni miye."

Hata hivyo, furaha ile ilikuja na mzigo wake. Upande mmoja wa ubao, karibu na ukingo, kuna bonde. Visu vya miaka mingi vimeula mti hapo mpaka pakazama kama kisahani cha chai. Charline alimpa fundi ruhusa ya kufanya lolote atakalo, isipokuwa jambo moja.

"Papa Constant, hapo usiguse," alimwambia. "Hapo ni mukono ya baba. Miye sina kitu ingine yake."

Kwa fundi, agizo hilo lilikuwa mtego. Bonde litashika maji, maji yatashika uchafu, na baada ya muda mti utaoza na kupasuka. Kugeuza ubao haikuwezekana, maana chini kuna matundu manne ya miguu ya zamani, kila moja linameza ngumi. Ama bonde libaki na meza ife taratibu, ama randa ipite na mkono wa Donat uende na maranda. Njia ya tatu hakuiona, na usingizi, anasema, ulimpungua.

Alijipa muda kwa kufanya yale yasiyobishaniwa. Aliurudisha ubao kwa Charline, akaulaza jikoni kwa majuma mawili kabla ya kuushika, karibu na mbabula inayowaka makaa, uzoee mvuke wa maharagwe na ubaridi wa ziwa.

"Mbao ni mugeni," anaeleza. "Usimupatie kazi mbele hajakula kwako."

Kabati alilitengeneza fupi kidogo, kwa kimo cha Mama Kanyere, kwa kuwa ndiye atakayepikia hapo kila siku. Akalisawazisha kwa pimamaji, akitia vibanzi chini ya pembe moja, maana nyumba za Goma zimekaa juu ya mawe ya volkano na sakafu nyingi zina ukaidi wake. Kisha akaanza kuranda, akapunguza huku na huku, akakwepa bonde. Asubuhi hii, ubao ukishapandishwa juu ya kabati, limebaki bonde hilo tu.

Mama Kanyere anaingia na kikapu cha vitunguu. Anautazama ubao uliong'aa kote, kisha anatazama lile baka jeusi lililoachwa.

"Fundi, hapa umechoka?"

"Hapana, mama. Charline alisema niache."

"Kwa nini?"

Charline ndiye anayejibu, kwa upole, kama mtu anayezungumzia kaburi. "Mama, ni pale baba alikuwaka anakatia nyama."

Mama Kanyere anaweka kikapu chini. Kwanza anatabasamu, halafu anacheka, halafu kicheko kinaisha ghafla.

"Nani alikudanganya?" anauliza. "Hiyo haiko ya Donat. Ni yangu."

Mama mzee anazunguka kabati, anasimama upande ambao zamani ulikuwa wa muuzaji, anachukua kisu kwa mkono wa kushoto na kukishusha. Kisu kinaangukia katikati ya bonde, bila kutafuta.

"Ona," anasema. "Miye ni mutu wa mashoto. Donat alikuwa wa kuume. Angechimba kule, si huku."

Fundi Akonkwa anakiri hapo hapo kwamba jambo hilo lilikuwa limempitia akilini. Alijua Donat alitumia mkono gani. Lakini yeye aliitwa kuweka meza, wala hakuitwa kumhoji mjane.

Kisha inatoka hadithi ambayo Charline hakuwahi kuisikia. Katikati ya juma Donat alikuwa njiani, leo Rutshuru, kesho Masisi, akinunua ng'ombe. Na hata alipokuwa mjini, hakuwa na mkono wa kisu, alikata vipande vya kutia aibu. Mwenye mkono alikuwa mke wake. Tatizo lilikuwa ni mkono gani. Kwa desturi kitu hakipokewi wala hakitolewi kwa kushoto, sembuse nyama ya kupeleka kwa wakwe.

"Mutu angeona nyama imekatwa na kushoto, angesema amedharauliwa, angeenda kwa bucha ya ngambo," anasema Mama Kanyere. "Sasa Donat akatundika rido, kitambaa ya kuficha. Nusu ya meza ilikuwa mbele, nusu nyuma ya rido. Miye nilikuwaka nyuma, nakata. Yeye mbele, anauzisha, anasalimia watu. Alikuwaka ananiambia: weye njo bucha, miye ni mudomo tu."

Charline amejishika shavu. Yeye alikuwa na miaka kumi mlima uliposhuka, na bucha aliyoijua ni ile ya Jumamosi, baba amesimama mbele kwa aproni nyeupe, anamwita kila mteja kwa jina.

"Na ile kaziye ya pombe nyuma ya rido?" anauliza taratibu, akikumbuka kreti ile ya chupa. "Nilikuwa nafikiri ni kiti yangu."

"Kiti yako!" Mama yake anamtania. "Nilikuwa napanda juu yake. Meza ilitengenezwa kwa mutu murefu, na huyu fundi wako hakunipimaka miye."

"Pardon, mama," anasema Akonkwa, na anasema kweli.

Charline anafuta macho. Sasa, anasema, ndiyo sababu zaidi bonde lisiguswe. Kama ni mkono wa mama, basi libaki daima.

Mama Kanyere anamtazama binti yake. Hana hasira, ila sauti yake imekaza.

"Charline, niko hapa. Unanikumbuka na shimo, na niko mbele yako nakuangalia? Miye sijakufa. Nataka meza ya kazi." Anamgeukia fundi. "Piga rabo."

Rabo ndiyo randa, kwa lugha ya mafundi wa hapa. Akonkwa anaishika, anainamia ubao, anasita. Anamtazama Charline, naye anaitikia kwa kichwa. Fundi atasema baadaye kwamba ameshika randa tangu ujana wake, na haijawahi kuwa nzito hivyo.

Maranda ya kwanza yanatoka meusi, yananukia mafuta ya zamani na chumvi. Mama Kanyere haendi popote. Anasimama kando, na kadiri randa inavyopita ndivyo anavyosimulia. Kuna mwalimu aliyetaka mifupa tu, kila mwisho wa mwezi, akidai ni ya mbwa, na kila mtu alijua hana mbwa. Kuna mkesha wa Noeli ambao nyama iliisha kabla ya adhuhuri, Donat akauza hata ile ya kwake nyumbani, wakala Noeli kwa maharagwe wakicheka. Kuna siku rido liliangukia mchuzi. Charline anauliza, mama anajibu, fundi anaranda. Bonde linapungua, linakuwa kama sarafu, kisha halionekani tena. Chini yake mti ni wa dhahabu, kama siku ulipotoka Beni.

Kilichobaki ni kufunga. Akonkwa anakaza skrubu kutoka chini, kupitia matundu ya kabati aliyoyarefusha kwa makusudi ili mti upate pa kuvimbia msimu wa mvua. Mama Kanyere analeta chupa ya mawese apakiwe, fundi anaikataa mara moja.

"Mama, na mawese meza itanuka mbele ya Pasaka. Weka hiyo kwa chungu ya sombe."

Anapaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, akisugua kwa kitambaa mpaka vipepeo vyake vyote vinaonekana, na kile kilichopinda. Charline alipendekeza kibadilishwe. Fundi alikataa, na safari hii hakuna aliyebishana naye.

Majirani wawili waliosikia kelele za randa wamesogea mlangoni kuangalia altare. Mama Kanyere anawakaribisha, anaweka kipande cha nyama juu ya meza, anachukua kisu kwa mkono wa kushoto na kuanza kukata mbele yao wote. Mmoja anautazama mkono ule, kisha anaitazama nyama, vipande sawa vyembamba vinavyolala kimoja kando ya kingine, na anauliza kama kuna kitakachobaki cha kuonja.

Fundi Akonkwa anakusanya vifaa vyake polepole kuliko ilivyo lazima. Anasema anatamani aishi miaka mingi kwa sababu moja ambayo asubuhi hakuwa nayo.

"Huyu mama akiendelea hivi, atachimba ingine," anasema. "Hata ikipita miaka makumi mbili, nitakuja na fimbo, na rabo ndani ya mufuko. Nataka niisawazishe tena."

Mama Kanyere haondoi macho kwenye nyama.

"Kuja tu," anasema. "Utanikuta hapa."