Uzi wa Nyavu Kiunoni mwa Mama

Zahanati walimwambia mama presha imepanda na apunguze tumbo. Tukiwa njiani kurudi, akanijibu kabla sijamuuliza: "Nikikonda, kule mwaloni watanizika kabla sijafa."

Mama anaanika na kuuza dagaa mwaloni Ujiji, ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki. Kwa wanawake anaoanika nao, unene ni ushahidi kwamba nyumbani kuna amani. Mashavu yakibonyea, kila mtu ana jina la ugonjwa wako. Nilimwelewa, lakini presha niliiogopa kuliko maneno.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilinunua mizani, nikaiweka sebuleni kwetu Katubuka, ikasema hivi. Nikaisogeza mlangoni, sakafu ilipobonyea, ikasema vingine. Nikazunguka nayo nyumba nzima nikitafuta ukweli. Kisha nikasoma kwenye simu mpaka bando likaisha, na hapo nikatulia kidogo. Kumbe mizani hupima vyote pamoja: mifupa, maji, misuli, hata ugali wa mchana. Mafuta ya kuogopwa zaidi hujificha ndani ya tumbo, na hayo huwezi kuyasoma mashavuni. Mama angeweza kupunguza tumbo, uso wake ukabaki.

Kipimo cha tumbo nilichokisoma ni rahisi. Unakata uzi wa urefu wako, unaukunja katikati, unauzungusha tumboni, juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana, afadhali. Zisipokutana, kuna kazi. Nilianza na utepe, ukavutika, ukanidanganya. Mama akaniletea uzi wa nyavu.

Nikajipima kwanza mimi. Ncha zikakutana.

"Umebana pumzi, mwana wanje," mama akacheka, akiniita mwanawe kwa Kiha. "Nikibana hivyo hata mimi ni kigoli."

Kweli nilikuwa nimebana, kama ninavyobana kila ninapopimwa kwa chochote. Nikaachia. Zikakutana kwa shida. Zake yeye ziliacha pengo la kiganja kizima.

Akapunguza mawese kwenye maharage, akaacha soda, jioni akawa anarudi kwa miguu. Mimi nilitaka kumpima kila siku. Akakataa: "Mimi si dagaa wa kugeuzwa kila saa." Tukakubaliana Ijumaa kwa Ijumaa. Pengo likapungua polepole, mashavu yakabaki palepale.

Siku moja nilikuwa nikimsaidia kuanika, mwenzake mmoja akamwangalia kiunoni.

"Shoga, sketi inakuvuka. Unaumwa?"

Wote wakageuka kumtazama. Mama akafungua pindo la kanga, akatoa uzi, akajizungushia mbele yao.

"Bana kidogo, zikutane!" mmoja akapiga kelele. Moyoni nami nilikuwa nikimwomba abane.

Mama akatoa pumzi yote, mpaka mabega yakashuka. Ncha zikaacha pengo la upana wa kidole.

"Siumwi," akasema. "Nimebakiza kidole kimoja. Na huyu ndiye fundi wangu."

Sikujua nitazame wapi. Sikuwa nimewahi kusifiwa kwa kazi ambayo haijakamilika, tena mbele za watu, na sikutamani kurekebisha chochote.

Yule aliyeuliza akapangusa magamba mikononi. "Haya, fundi. Nikatie na mimi."

Nikamsimamisha kwenye nguzo ya kichanja cha kuanikia ili nimpime urefu, nikamwambia avue ndala na asibane pumzi.