Jina Ambalo Eveline Hakulitaja

Eveline akisikia honi ya lori linalotoka Tunduma, mikono yake inasimama. Kama anapepeta mchele, ungo unatulia hapo hapo. Sisi wapangaji wenzake hapa Uyole tumeshamzoea, tunamwacha mpaka lori lipite.

Mumewe, Ezekia, ni utingo wa malori yanayobeba shaba. Kabla ya mvua za mwaka huu lori lao lilitekwa upande wa Zambia. Likakutwa porini, tupu, dereva na utingo hawaonekani. Kitenge cha mwisho alichomletea Eveline ndicho anachombebea mtoto, na hataki kukifua. "Bado kinanuka dizeli yake," anasema.

Nilimsindikiza polisi, kila mtu na mwanawe mgongoni. Afande Justine alitupokea vizuri.

"Hawa wezi hawajui mpaka, dada zangu. Wanaiba Zambia, wanauza kwetu. Na sisi tunawafuata hivyo hivyo. Jina nikilituma leo kwa wenzetu wa kule, watalitafuta mpaka Lusaka. Mume anaitwa nani?"

"Ezekia."

"Ezekia nani? Baba yake?"

Eveline akainama, akamrekebishia mtoto soksi. "Mwaisumo," akasema.

Majibu yakarudi: mtu wa jina hilo hayupo, si hospitali, si mahabusu. Eveline akakonda. Paskalina wa chumba cha mbele akaanza maneno yake: "Shaba kauza huyo, sasa hivi anajenga Ndola na Mzambia wake." Eveline alihamisha tu kigoda chake, akakisogeza karibu na barabara.

Siku ya kliniki nesi akaita, "Ambakisye Ezekia!" Eveline akanyanyuka bila kuitika. Nyumbani Eveline anamwita mtoto huyo Tata, yaani baba kwa Kinyakyusa. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza.

"Shoga, mtoto karithi jina la nani?"

"La babu yake."

"Babu mzaa baba?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Sasa mbona polisi ulisema Mwaisumo?"

"Hilo la ukoo. Mama Brayson, mimi nimeolewa pale. Jina la mkwe nilitamke na mdomo huu, tena mbele ya wanaume?"

Kwetu Ipogolo mkwe tunamheshimu, ila mama yangu alimtaja wa kwake bila shida. Nikamwambia, "Mimi sijaolewa kwenu. Nitalisema mimi."

Eveline akakata kona kuelekea kituo cha polisi.

Afande Justine alicheka, kisha akamwona Eveline machozi yanamtoka, akaacha. "Kitambulisho kaondoka nacho, tajiri wake anamjua kwa jina la Eze tu. Ningejuaje mimi? Haya, rudia, dada."

Nikarudia, polepole. Eveline alikuwa amegeukia ukutani.

Wiki iliyofuata tukaitwa. Katika hospitali moja ya Zambia alikuwapo mgonjwa aliyejitaja kwa jina la Ezekia Ambakisye, mguu umevunjika. Watekaji walimtupa bila simu wala karatasi yoyote, na namba ya mkewe hakuwa nayo kichwani. Dereva alikuwa bado anatafutwa. Askari wa kule akapiga simu, Afande akaifungulia spika. Ili wawe na hakika, mgonjwa akaulizwa mtoto wake anaitwa nani.

"Ambakisye," ikasema sauti, kama ya mtu mwenye njaa.

Eveline akajifunika uso kwa kitenge.

"Eve, upo?"

"Nipo."

"Tata hajambo?"

"Anakutafuta. Rudi."

"Mguu bado. Na hawa wamekamata watu wawili, wanataka niwatambue kwanza mahakamani. Nivumilie, mama."

"Mpaka lini?"

Kesi haijaisha. Lori likipiga honi, mikono ya Eveline bado inasimama, ila siku hizi anamgeuza na mtoto aangalie barabarani. Juzi tunafua, nikamwambia, shoga, mtu yuko hai, sasa kifue hicho kitenge. Akakinusa, akakikunja, akakiweka pembeni ya beseni.

"Akishuka mwenyewe," akasema, "ndio nitakifua."