Salamu Kabla ya Nyumba

Mwaka 2017 kazi yangu ilikuwa kubuni barua za kutia kwenye masanduku ya posta yaliyo getini kwa wenye nyumba kusini mwa Johannesburg, ili wakitaka kuuza, wauze kupitia kwetu. Bosi wangu, dalali, alipenda herufi kubwa nyekundu: TUNA MNUNUZI. Barua hizo nilizikuta zimetupwa nje ya mageti kabla sijamaliza kuzigawa mtaani. Akanionya kwamba mwezi ule ukiisha bila muuzaji hata mmoja, nitafute kazi kwingine.

Kwa hasira nikaandika nilivyofundishwa Tanga. Kwetu barua haianzi na shida. Unajulia hali kwanza: mwenyewe hajambo, watoto wazima, miguu je, na baridi hii? Niliandika hivyo hivyo kwa Kiingereza, kwa mkono, kalamu ya bluu, nikatoa kopi. Habari ya kuuza nyumba niliiweka mwishoni, mstari mmoja.

“Eish, hii ni ya nyumba au ya posa?” bosi akauliza. Lakini aliniachia.

Alijibu mtu mmoja tu, bibi wa Kireno wa Rosettenville, mjane. Alipiga simu ofisini, akamtaka aliyeandika. Akanijibu swali moja moja. Yeye mzima, watoto wako Ureno, miguu inauma. Kisha akasema, “Na wewe, binti, hujambo?”

Nilienda chooni nikalia. Miaka yote niliyokaa Johannesburg, kwenye chumba changu cha uani mtaa wa Malvern, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo akasubiri jibu.

Nikawa naenda kwake kila Jumamosi. Ananipa kahawa chungu, namkanda miguu, anamsengenya marehemu mumewe mpaka tunacheka wote. Nyumba hatuigusi. Bosi akiuliza, namwambia mteja hasukumwi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule akanishika mkono. “Ule mstari wako wa mwisho nimeufikiria sana, binti. Watoto wananiita. Nauza, ila uniuzie wewe.”

Nikamuuzia. Kazi yangu ikapona, bosi akanisifu mbele ya wote, akaagiza barua ile isambazwe tena mtaa mzima. Nikaisambaza mwenyewe, geti kwa geti. Pale palipokuwa kwa bibi nilijua fika kwamba mwenyeji mpya, aliyenunua juzi, hauzi leo. Nikaitia barua hata hivyo, na wiki ile kila simu ya ofisini ikilia, niliwahi kuipokea mimi.